Mechi kubwa nyumbani, watoto tele: jinsi ya kuwashughulisha hadi kipenga cha mwisho

Mombasa mechi kubwa haitazamwi na mtu peke yake. Nyumba yenye runinga kubwa hupokea jamaa kutoka Kisauni, shemeji kutoka Likoni, majirani wa ghorofa ya juu na rafiki wa kazini ambaye king'amuzi chake kimekwisha malipo. Kila mmoja huja na watoto wake. Nyimbo za taifa zinapomalizika, sebule ina wakubwa wanane na watoto kumi na mbili. Kufika dakika ya ishirini watoto wamechoka kunyamazishwa: mmoja amesimama mbele ya runinga, wawili wanagombania mto wa kochi, na mwingine haonekani wala hakuna anayejua alitoka saa ngapi.

Kwa kawaida tatizo hili tunalimaliza kwa njia mbili, na zote mbili sizipendi. Moja ni kumtia kila mtoto simu mkononi. Nyingine ni kuwaachia watoto wanawake waliopo, wakae nao uani au jikoni, kana kwamba mwanamke hana timu. Timu tunazo, na bao tunataka kuliona likiingia, hatutaki kuhadithiwa. Mpango ninaoueleza hapa umejengwa juu ya nguzo moja: kila dakika ya mechi awepo mtu mzima mmoja, anayejulikana kwa jina, ambaye watoto wako mikononi mwake. Michezo, vyakula na zawadi vinafuata nyuma yake.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya saa

Mechi ni dakika 90, mapumziko ni dakika 15, na refa huongeza zake. Weka saa mbili kamili. Ikiwa ni mechi ya mtoano, ongeza nusu saa ya muda wa nyongeza na mikwaju ya penalti, ndipo unakaribia muda wa saa tatu. Wengi hupanga kwa dakika 90 tu, na watoto huishiwa na subira wakati ule ule ambao wakubwa hawataki kusumbuliwa hata kwa kukohoa.

Fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 18 Desemba 2022 ni mfano mzuri. Saa za Qatar na zetu ni sawa, kwa hiyo Argentina na Ufaransa walianza saa kumi na mbili jioni, muda mfupi kabla ya Magharibi. Wakatoka 3-3, wakaenda penalti, Argentina wakashinda 4-2, na kufikia hapo saa tatu usiku ilikuwa inabisha hodi. Ndani ya muda huo kulikuwa na swala, chakula cha usiku, kuoga na usingizi wa wadogo. Hata Harambee Stars walipocheza robo fainali ya CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, dhidi ya Madagaska tarehe 22 Agosti 2025, mechi ilimalizika kwa penalti, na aliyepanga kwa dakika 90 alijikuta na watoto wenye njaa.

Ukishajua saa ya kuanza, rudi nyuma. Mechi ya alasiri ni nyepesi zaidi: watoto wako macho, kuna mwanga, na wanaweza kucheza nje. Mechi inayogongana na Magharibi ndiyo ngumu kuliko zote. Siku hiyo waogeshe watoto mapema, walishe chakula kizito saa nzima kabla ya mpira kuanza, na wale wa chini ya miaka mitano wahakikishe wamelala mchana. Mtoto aliyeshiba na aliyelala mchana atakupa kipindi cha kwanza chote bila kulia. Mechi ya saa nne usiku ina mpango wake, nitaufikia.

Hatua ya pili: andika zamu

Hatari ya siku ya mechi hutokana na wingi wa wakubwa. Wakiwa wanane sebuleni, kila mmoja hudhani mwenzake ndiye anayeangalia watoto, na mwisho wake haangalii hata mmoja. Kwa hiyo usiseme "tutaangaliana." Andika.

Chukua karatasi, chora vyumba sita, kila kimoja dakika 15: vitatu vya kipindi cha kwanza, vitatu vya kipindi cha pili. Chini yake ongeza viwili vya muda wa nyongeza. Tia jina katika kila chumba, kisha bandika karatasi ukutani karibu na runinga, mahali ambapo hakuna atakayedai hakuiona. Wakubwa sita wakiwepo, kila mmoja anakosa dakika 15 tu za mechi nzima. Wakiwa watatu, kila mmoja ana zamu mbili, moja katika kila kipindi, ili asipoteze kipindi chote.

Baba aandikwe. Ami aandikwe, mjomba aandikwe, na kaka aliyerudi kutoka chuo kikuu naye aandikwe. Wazee na mgeni anayekuja kwa mara ya kwanza wasamehewe, lakini wengine wote waliokuja kula viazi vyako wachukue zamu. Mwambie kila mtu kabla hajafika, kwa simu, ili mjadala uishe mapema. Na ukiwa na mtu asiyeshabikia timu yoyote kati ya zinazocheza, mpe dakika 75 hadi 90. Hutampata wa kumshukuru zaidi siku hiyo.

Mwenye zamu ana masharti matatu. Hashiki simu. Hachungulii mechi dirishani. Na zamu haiachi mpaka anayempokea aje mwenyewe alipo, wahesabu watoto pamoja, na amwambie kwa mdomo: "Kumi na mbili, tisa wako uani, wawili wanapaka rangi, mmoja yuko chooni." Hapo ndipo anapoingia sebuleni. Bao likifungwa wakati wa zamu yake, abaki pale pale. Marudio yataonyeshwa mara nne, na mmoja wa waliokaa aende akamshikie nafasi kwa dakika moja akalione. Ustaarabu huo mdogo ndio unaofanya watu wakubali zamu mara nyingine.

Dada au kaka wa miaka kumi na minne anaweza kuwa msaidizi mzuri sana, na wadogo humpenda kuliko wanavyotupenda sisi. Lakini asiandikwe badala ya mtu mzima. Naye pia ni mtoto, na yeye pia anataka kuona mechi.

Ikiwa mechi itapita katikati ya Magharibi, angalia karatasi yako tena. Wanaume wakitoka kwenda msikitini kwa pamoja, jina la mmoja wao lisiwe limekaa kwenye robo saa hiyo.

Hatua ya tatu: ikague nyumba kwa macho ya mtoto wa miaka miwili

Fanya hivi asubuhi, kabla ya harufu ya kitunguu kuanza kukushughulisha.

Anza na maji. Nyumba nyingi za Mombasa huweka maji kwenye mapipa, ndoo na madebe kwa sababu bomba halitoki kila siku. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache, na huzama kimya, bila kupiga kelele hata moja. Funika pipa kwa kifuniko kizito, mwaga maji ya ndoo zilizoko sakafuni, funga mlango wa bafu kwa komeo la juu.

Halafu moto. Jiko la makaa la mishikaki na karai la mafuta ya viazi visiwekwe njia ambayo watoto watakimbilia bao likifungwa. Ukiweza, maliza kukaanga kabla ya mechi kuanza. Viazi karai vya vuguvugu havijawahi kumuua mtu. Chai iwekwe kwenye thamosi, katikati ya meza, si pembeni.

Runinga iliyo juu ya kimeza chembamba ifungwe ukutani au isogezwe hadi nyuma kabisa. Waya wa ekstensheni upite nyuma ya makochi. Ikiwa mnatazamia juu ya paa la ghorofa kwa ajili ya upepo, na ukuta wake haufiki kifua cha mtu mzima, watoto wasipande huko, hata kwa dakika tano, hata wakishikwa mkono.

Mwisho, geti. Bao la dakika za mwisho likiingia, nusu ya mtaa hutoka nje kushangilia, na mtoto hufuata miguu ya wakubwa. Hapo nje kuna bodaboda zinazopiga honi na tuktuk zinazokata kona bila kuangalia. Geti lifungwe kipenga cha kwanza kinapolia na ufunguo uwe kwa mwenye zamu.

Hatua ya nne: wape watoto kazi ndani ya mechi

Watoto wa miaka saba kwenda juu hawapendi kufukuzwa sebuleni, na wana haki. Wanaona kuna jambo kubwa linaendelea nao hawana sehemu. Wape sehemu.

Kazi ya kwanza ni ya mwandishi. Mpe karatasi yenye safu mbili, moja ya kila timu, na mistari ya kona, faulo, kuotea, kadi na mikwaju iliyolenga goli. Kila tukio anaweka kijistari. Mapumzikoni anasimama mbele ya watu na kusoma takwimu zake, kisha mnazilinganisha na zile zinazoonyeshwa kwenye runinga. Mtoto aliyewahi kufanya hivi huanza kuuliza maswali ya maana: kwa nini kuotea, kwa nini kadi ya njano na si nyekundu. Jibu maswali hayo, hata kama mpira uko karibu na boksi.

Kazi ya pili ni ya mchora bendera. Ya Kenya wengi wanaijua: nyeusi, nyekundu na kijani, mistari miwili myembamba myeupe katikati yake, ngao na mikuki miwili. Tafuta na ya timu pinzani. Ya Moroko ni nyekundu yenye nyota ya kijani, mtoto wa miaka minne anaiweza. Zikikauka zifungwe kwenye vijiti vya makuti vilivyokatwa ncha kali.

Ya tatu ndiyo niipendayo kuliko zote: refa wa sebule. Mtoto mmoja, ikiwezekana yule mtundu kuliko wenzake, hupewa kadi ya njano na nyekundu za karatasi na kipenga shingoni ambacho haruhusiwi kukipuliza ndani. Mtu mzima akitoa neno chafu, akimtukana mchezaji au kurusha rimoti, anaonyeshwa njano. Njano mbili ni nyekundu, na nyekundu ni kwenda kuchukua zamu ya watoto papo hapo, dakika yoyote ile. Mkubaliane kabla ya mechi kwamba uamuzi wa refa haupingwi. Utaona ami mwenye sauti kubwa anavyomeza maneno yake. Watoto huokota lugha yetu siku za mechi kuliko siku nyingine zote, na hii ni njia ya kuichunga bila kuhubiriana.

Utabiri wa matokeo nao unafurahisha: kila mmoja aandike mabao, karatasi zitiwe kwenye bakuli, mshindi apewe kipande kikubwa cha keki. Ila isiwe kwa pesa. Kamari za mechi kwenye simu zimeshazoeleka mno majumbani mwetu, na sheria ya Kenya hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Aliyeweka pesa yake kwenye mechi na aihifadhi siri hiyo mbele ya watoto. Wasikue wakidhani mpira na kamari ni kitu kimoja.

Hatua ya tano: kibanda cha mapumziko

Kipindi cha kwanza kinahitaji shughuli yenye mwisho unaoonekana, kitu ambacho watoto wanakitayarisha na ambacho wakubwa watakihitaji. Kibanda kinafaa kuliko kitu chochote nilichowahi kuona kikijaribiwa. Watoto wa Mombasa hawahitaji kuelezwa kibanda ni nini. Wanapita kwa muuza viazi karai na kwa mama wa mabuyu kila siku wakitoka madrasa.

Siku moja kabla, kata karatasi za daftari kuukuu ziwe noti za shilingi 50, 100 na 200, watoto wazipake rangi wenyewe. Kila mtu mzima akifika apewe shilingi 300 za karatasi mlangoni. Mechi ikianza, watoto wa miaka sita na zaidi waende uani au kibarazani na mwenye zamu, watandike mkeka, waweke stuli mbili na ubao juu yake, ndiyo kaunta. Waandike bei kwenye kipande cha boksi. Halafu wagawane kazi: wa kufungasha mabuyu kwenye vikaratasi, wa kupanga mihogo ya kukaanga kwenye sinia, wa kumimina maji ya ukwaju vikombeni, wa achari ya embe, na keshia. Keshia awe yule anayejua kutoa chenji. Wa darasa la nne anaiweza, na hesabu yake ya siku hiyo ni bora kuliko ya daftarini.

Usiwasaidie sana. Wakigombana nani auze bisi na nani auze barafu, waache wayamalize, labda ndoo ya chenji itumike kupiga kura. Kazi ya mwenye zamu ni kuangalia kisu, moto na hesabu ya vichwa. Maandalizi haya huchukua karibu dakika 40, ndiyo maana yanafaa: yanaisha kipenga cha mapumziko kinapolia.

Kisha, na hapa naomba wakubwa wote wasikie, inukeni. Kila mtu atoke sebuleni aende kununua. Uchambuzi wa mapumziko mnaweza kuukosa bila hasara yoyote. Dakika hizo 15 ni za watoto. Nunueni kwa maneno yanayotumika sokoni, mbishane bei, muombe ya kuongezwa. Mtoto aliyeahidiwa kwamba mapumzikoni mtakuja, na mkaja, atawaachia kipindi cha pili. Mkimdanganya, hatakubali ahadi nyingine, na atakuwa na haki.

Kuhusu vyakula, tahadhari ni chache lakini usizipuuze. Njugu nzima na bisi si za watoto wa chini ya miaka mitano, na mbegu za mabuyu vilevile: hupalia, na mtoto akipaliwa katikati ya kelele ya bao hakuna anayesikia. Wadogo hao wape mkate wa sinia uliokatwa vipande, ndizi, au kiazi kilichopondwa. Mishikaki itolewe kwenye vijiti kabla ya kumfikia mtoto. Soda ipungue; maji ya ukwaju, ya ndimu au dafu yanatosha, na sukari nyingi saa kumi na mbili jioni utailipia saa nne usiku.

Hatua ya sita: michezo ya kipindi cha pili

Kipindi cha pili watoto wameshiba na wana nguvu. Wanataka kukimbia.

Mpira wa matambara unatengenezwa kwa dakika kumi. Zamani mitaani tuliufanya kwa majuala, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, na matambara kwa kweli hutoa mpira mzito unaotulia mguuni. Chukua soksi moja ndefu, ijaze vitambaa laini hadi iwe na ukubwa wa balungi, kaza fundo, geuza sehemu iliyobaki irudi juu yake. Tia soksi ya pili kwa upande wa pili ili fundo lifichike. Kata fulana kuukuu iwe kamba ndefu, zungusha mpira kwa njia ya msalaba huku ukivuta kwa nguvu, kisha pitisha ncha chini ya kamba nyingine na ufunge. Mpira huu hauvunji dirisha, haudundi hadi kwa jirani, na hauumizi mdogo ukimpiga usoni. Waache watoto watengeneze wenyewe, miwili, mmoja kwa kila timu.

Wasiotaka mpira wachezee kati: wawili pembeni wanarusha, waliomo katikati wanakwepa. Bladda na kamba zinahitaji nafasi ndogo tu. Wakiwa wa umri mchanganyiko, "nyama nyama nyama" huwachukua wote. Mmoja anataja, wengine wanaitikia "nyama!" huku wakiruka, anataja ng'ombe wanaruka, anataja mbuzi wanaruka, anataja paka na aliyeruka anatoka. Mwenye zamu mwenye sauti nzuri anaweza kuwaweka robo saa nzima kwa mchezo huu peke yake.

Mvua ikinyesha au giza likiingia, hamia kwenye mkeka. Mdako kwa vijiwe, gololi kwa wakubwa kidogo, bao ikiwa nyumba inalo. Na vitendawili, ambavyo siku ya mechi vina nafasi yake maalumu. "Kitendawili!" "Tega!" "Kuku wangu katagia mibani." Asiyejua nanasi huombwa mji, ndiyo kawaida yetu. Basi weka sharti kwamba mji utakaotolewa lazima uwe wa moja ya nchi zinazocheza. Moroko wakiwa uwanjani, mtoto atatoa Rabat, Casablanca, Marrakech, na miji ikimwishia atakimbia sebuleni kuuliza mingine. Mpeni upesi arudi kwenye mchezo.

Watoto wachanga na wa chini ya miaka miwili wawe chumba cha ndani, mbali na sebule. Kelele ya watu wanane kwa mpigo humshtua mtoto aliyelala, na vuvuzela haipulizwi kabisa ndani ya nyumba yenye mtoto mchanga. Bibi akiwepo na akipenda kukaa naye, vizuri, lakini aulizwe kwanza. Mabibi wengine wanajua majina ya wachezaji kuliko wajukuu zao.

Halafu ikifika penalti, tupa mipango yote. Waite watoto wote ndani, waketi chini mbele ya runinga. Sheria za kuotea ni ngumu kwa mtoto wa miaka mitano, lakini mikwaju mitano mitano, mpigaji mmoja na kipa mmoja, kila mtu anaielewa. Mwenye zamu aketi pamoja nao sakafuni, naye aone.

Kuhusu simu na katuni

Sisemi zisiwepo kabisa. Zihifadhi ziwe akiba ya mwisho: muda wa nyongeza, wakati watoto wamechoka kukimbia na wakubwa wamesimama wima. Katuni moja kwenye kompyuta, watoto wote mbele yake, ni bora kuliko simu kumi na mbili mikononi mwa watoto kumi na wawili, kila mmoja akiona kitu ambacho hakuna aliyekichagua. Ipakue mapema, kwa sababu intaneti siku ya mechi huelemewa. Na uwe na taa ya kuchaji karibu. Stima ikipotea dakika ya themanini, wakubwa watalalamika, lakini mtoto aliye gizani bafuni ndiye wa kukimbiliwa kwanza.

Mechi za saa nne usiku

Fainali ya Kombe la Dunia la 2026, lile la Marekani, Kanada na Meksiko, ilipangwa Jumapili tarehe 19 Julai saa tisa alasiri ya New Jersey. Huku kwetu ni saa nne usiku. Mechi za namna hii hazihitaji michezo, zinahitaji vitanda.

Tandika magodoro chumba kimoja, funga chandarua hata kama ni usiku mmoja tu, maana malaria ya Pwani haijui wageni. Watoto waje na nguo za kulala wamezivaa tayari. Saa mbili na nusu hadithi zianze, "Paukwa!" "Pakawa!", na saa tatu na nusu taa zizimwe. Wakubwa kidogo wanaotaka kuona, fanya nao mapatano: alale mchana kweli, si kujifanya, ataona kipindi cha kwanza, mapumzikoni anakwenda kulala bila mjadala, na asubuhi ataonyeshwa mabao. Zamu za usiku nazo ziwepo, ila hapa mwenye zamu ni wa kuingia chumbani kila baada ya muda na kuhesabu vichwa.

Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepangwa kuchezwa Kenya, Uganda na Tanzania, kwa hiyo mechi zitakuwa za saa zetu wenyewe. Ni vizuri nyumba ikazoea mpango mapema.

Mkiamua kutazama nje

Hotelini, ukumbini au kwenye skrini kubwa ya uwanjani, karatasi ya zamu inabaki ile ile, lakini uwiano unabadilika: mtu mzima mmoja asichukue watoto zaidi ya watatu. Andika nambari yako ya simu kwa kalamu kwenye mkono wa mtoto, upande wa ndani. Wavishe rangi moja. Mkifika, waonyeshe mahali pa kukutana mkipotezana, kitu kikubwa kisichohama, kama mnara wa taa, lango kuu au mbuyu, kisha mtembee nao hadi pale na kurudi. Kwenye bustani ya Mama Ngina jioni pana nafasi na upepo, lakini ng'ambo ya ukuta ni bahari, na watoto wanaocheza mpira hapo wawe upande wa ndani wa mtu mzima. Wanaorudi Likoni waondoke kabla ya kipenga au wasubiri nusu saa baadaye, umati wa feri upungue kabla ya kumshusha mtoto mwenye usingizi pale.

Kipenga cha mwisho

Kazi ya kwanza baada ya mechi, mmeshinda au mmeshindwa, ni kuhesabu watoto. Geti halifunguliwi kabla. Mwenye zamu ahesabu kwa sauti, na mtu wa pili ahesabu baada yake. Hapo ndipo mnatoka nje kushangilia, kila mtoto mkononi mwa mtu.

Mkishindwa, angalieni nyuso zenu. Mtoto wa miaka sita hajui tofauti kati ya baba aliyekasirishwa na refa na baba aliyekasirishwa na yeye. Mwambie waziwazi: "Nimehuzunika kwa mpira, si kwako." Kisha mtoe mshindi wa utabiri, mpeni keki yake, na refa wa sebule asome orodha ya kadi alizotoa. Watoto wa kibanda waokote vikombe na vikaratasi. Wauzaji wa kweli hufagia walipouzia.

Karatasi ya zamu usiitupe. Weka alama kwenye jina la aliyekosa mengi, aliyekuwa uani bao pekee la mechi lilipofungwa au aliyeshika muda wa nyongeza wote, ili mechi ijayo awe wa kwanza kuchagua robo saa yake.